Motere ya Mashua Inayokohoa

1. Safari ya kwenda Kalemie

Ziwa Tanganika ni refu kupita maziwa yote ya maji matamu duniani. Urefu wake wapata kilometa 670, na mahali penye kina kupita pote maji yake yashuka meta 1,470. Nchi nne zinapakana nalo: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Upande wa Kongo, mahali pengi milima inashuka mpaka majini, na njia za nchi kavu ni mbaya. Kwa hiyo watu, mihogo, mahindi na ndagala husafiri kwa mashua.

Mashua nyingi ni za mbao. Kubwa zao zina motere ndani, chini ya sakafu. Motere inazungusha chuma kirefu kinachotokea nyuma ya mashua, chini ya maji. Mwisho wa chuma hicho pana mabawa yanayosukuma maji. Mabawa hayo huitwa elisi.

Siku moja ya mwezi wa saba, mashua ya namna hiyo ilitoka Moba kwenda Kalemie. Ndani walikuwamo watu 14, pamoja na magunia ya mihogo na ndagala. Tangu asubuhi motere ilikuwa ikikohoa. Kila mara nahodha alipopunguza mwendo, motere ilitetemeka kama mtu mwenye homa: tu-tu-tu... tu... tu-tu... tu. Basi nahodha aliongeza mwendo, na motere iliacha kukohoa. Akawaambia wasafiri: «Msiogope. Motere hii inapenda kwenda mbio, ni hivyo tu.»

Saa tisa ya mchana mashua ilikaribia kijiji kimoja ili kupakia watu wawili. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya ziwa, na siku ile ulikuwa umekwisha kuamka. Nahodha akapunguza mwendo ili aingie polepole. Motere ikatikisika mara mbili, ikazimika kabisa.

Mashua yenye motere iliyozimika ni kama gogo. Inakwenda pale mawimbi yanapotaka. Mbele yake palikuwa na mawe makubwa, na mawimbi yalikuwa yakipasuka juu yake.

«Nanga! Tupeni nanga!» akapiga kelele nahodha.

Vijana wawili wakaitupa. Kamba ikashuka, ikashuka, karibu ikaisha yote. Katika ziwa hili chini hushuka ghafula. Ukiwa mbali kidogo na pwani, nanga haifiki. Lakini kwa rehema ya Mungu, nanga ikashika. Mashua ikasimama, hatua 30 hivi mbele ya mawe. Mama mmoja aliyempakata mtoto alikuwa akisali rozari kwa sauti. Wengine wote walinyamaza.

Kati ya wasafiri alikuwamo fundi mmoja wa motere, mtu mzima mwenye mvi, pamoja na kijana aliyejifunza kazi kwake. Fundi akavua koti lake, akasema: «Nanga imetupa wakati. Tusiupoteze.»

2. Motere inakula nini?

Ili kufahamu kazi aliyoifanya fundi yule, yafaa kujua kwanza motere inaishi namna gani.

Motere ya mashua ile ilikuwa motere ya mazutu. Aliyeitunga motere ya namna hii ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Katika mwaka 1897, mjini Augsburg, motere yake ilijaribiwa ikafaulu. Ilikuwa na silinda moja tu, nayo ilikuwa ndefu kupita mtu. Siku hizi ziko motere ndogo ambazo watu wawili wanaweza kuzibeba, lakini zote zinafanya kazi kwa namna ile ile.

Silinda ni kama kinu cha chuma. Ndani yake pistoni inapanda na kushuka, kama mchi katika kinu. Pistoni inafanya kazi nne, moja baada ya nyingine:

Kwanza, kuvuta. Pistoni inashuka, na hewa inaingia.

Pili, kukandamiza. Milango yote midogo inafungwa, pistoni inapanda, na hewa inabanwa mpaka inabaki sehemu moja ya 16, ao hata ya 20, ya nafasi iliyokuwa nayo. Hewa iliyobanwa hivi inakuwa moto sana, kupita digri 500.

Tatu, kuwaka. Mazutu kidogo yananyunyizwa ndani ya hewa ile ya moto kama ukungu. Yanawaka yenyewe, bila kiberiti, na nguvu yake inasukuma pistoni chini.

Nne, kutoa. Pistoni inapanda tena, na moshi unatoka nje.

Mtoto aliyekwisha kujaza hewa katika gurudumu la baisikeli anajua jambo hili kwa mkono wake. Akisukuma pompi mara nyingi, pompi inakuwa moto. Sababu moja kubwa ni hewa inayobanwa ndani yake.

Basi motere ya mazutu inadai vitu vitatu: hewa ya kutosha, mazutu safi, na kukandamiza kwa nguvu. Kimoja kikipungua, motere inaumwa. Vyote vikiwapo kwa wakati wake, motere inakwenda.

3. Kwa nini motere inakohoa inapokwenda polepole?

Motere ikiwashwa bila kusukuma mashua, inazunguka polepole. Mwendo huo wa chini mafundi wanauita ralanti. Katika motere nyingi za mashua, ralanti ni mizunguko 700 hivi kwa dakika. Kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko miwili. Basi katika dakika moja inawaka mara 350, yaani karibu mara sita kila sekunde. Kwa kila mara inapokea mazutu madogo sana, kupungua tone moja.

Sasa, pamoja na mazutu hayo yakija maji ao povu la hewa, itakuwaje? Silinda inakosa chakula chake. Haiwaki mara ile. Motere inaruka pigo moja, kama moyo ulioshtuka.

Nyuma ya motere liko gurudumu zito la chuma. Kazi yake ni kuzipitisha pistoni kutoka pigo moja mpaka pigo lingine. Motere ikienda mbio, gurudumu hilo lina nguvu nyingi, na pigo moja likikosekana halijulikani. Motere ikienda polepole, gurudumu lina nguvu kidogo tu. Mapigo mawili ao matatu yakikosekana, linasimama.

Ni kama mtu juu ya baisikeli. Akienda mbio na kukuta jiwe dogo, anapita. Akienda polepole sana na kukuta jiwe lile lile, anayumba na kuanguka. Je, kwenda mbio kumeondoa jiwe njiani? Hapana. Jiwe liko palepale.

Hivi nahodha alikosa mara mbili. Aliisikia motere ikikohoa, akafunika kikohozi kwa mwendo wa mbio. Tena alisahau kwamba kila mashua lazima ipunguze mwendo siku moja, na mara nyingi inapunguza mwendo karibu na pwani, karibu na mawe.

4. Fundi anauliza kabla ya kushika ufunguo

Kijana alikuwa amekwisha kufungua sanduku la vyombo. Akasema: «Baba, iko parafujo ya ralanti hapa. Niikaze kidogo ili motere iende mbio zaidi?»

Fundi akamjibu: «Mwanangu, mtu akikohoa, unamfunga mdomo? Tujue kwanza ugonjwa.» Kisha akamgeukia nahodha.

«Mzee, ilianza kukohoa lini?»

«Leo asubuhi, tulipotoka Moba.»

«Na jana?»

«Jana ilikuwa nzuri kabisa.»

«Kati ya jana na leo mlifanya nini?»

Nahodha akafikiri. «Jana jioni tulitia mazutu. Tulinunua nusu pipa kwa mtu mmoja pale pwani.»

«Mliyachuja?»

Nahodha akatazama chini, hakujibu.

«Haya. Inazimika ukitia vitesi tu, yaani elisi inapoanza kuzunguka, ao hata bila vitesi?»

«Hata bila vitesi.»

«Na moshi ulikuwa wa rangi gani?»

«Mweupe mweupe, wakati wa kukohoa.»

Maulizo haya yalichukua dakika moja tu, lakini yaliokoa kazi nyingi. Kama motere ingezimika wakati wa kutia vitesi tu, fundi angefikiri kwanza habari ya elisi: pengine wavu, kamba ao majani yamejizungusha pale. Nyavu za nailoni zilizotupwa ziwani zinakamata elisi namna hiyo mara nyingi.

Moshi pia unasema. Moshi mweusi wasema kwamba mazutu ni mengi kupita hewa. Pengine chujio la hewa limeziba, ao kitambaa kimenyonywa mahali hewa inapoingilia. Moshi wa buluu wasema kwamba mafuta ya kulainisha yanaungua ndani ya silinda. Moshi mweupe wasema kwamba mazutu hayawaki vizuri, ao kwamba maji yameingia.

Motere haina kinywa, lakini kwa mtu anayejua kutazama na kusikiliza, haifichi neno.

5. Hatua moja moja

Fundi alianza na mambo rahisi, akaacha magumu nyuma. Tena hakugusa mambo mawili kwa mara moja. Mtu akigeuza vitu vitatu pamoja na motere ikapona, hajui ni kipi kilichoiponya. Na ikizidi kuumwa, hajui ni kipi kilichoidhuru.

Kwanza, akapima mazutu kwa kijiti. Tanki lilikuwa na mazutu kupita nusu. Vizuri.

Pili, akatazama pumzi ya tanki. Kila tanki lina tundu ao mrija mdogo wa kuingiza hewa. Mazutu yanapotoka, hewa lazima iingie mahali pake. Tundu likizibwa na uchafu ao na kiota cha mdudu, mazutu yanakataa kutoka. Mtoto anaweza kujaribu jambo hili na kopo la mafuta lililotobolewa tundu moja tu: mafuta yanatoka kwa taabu. Akitoboa tundu la pili, yanatoka vizuri. Fundi akafungua kizibo cha tanki, akasikiliza. Hakusikia sauti ya hewa inayonyonywa. Pumzi ilikuwa nzuri.

Tatu, akatazama chujio. Kati ya tanki na motere mazutu yanapita katika chujio, na chini ya chujio kiko kikombe cha kioo. Fundi akamwita kijana: «Tazama.» Ndani ya kikombe zilikuwamo rangi mbili. Juu palikuwa na mazutu ya manjano. Chini palikuwa na maji, na katikati utando mweusi kama kamasi.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya mazutu ina gramu 840 hivi. Kwa hiyo maji yanashuka chini ya mazutu, hayachanganyiki nayo. Na pale maji na mazutu yanapokutana, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinazaa sana. Ule utando mweusi ni kazi yao, nao unaziba chujio.

Kijana akafungua kizibo cha chini ya kikombe, akamwaga maji na uchafu ndani ya bidoni tupu, mpaka yakatoka mazutu masafi. Alitaka kuvimwaga ziwani, lakini fundi akamzuia: «Watu wa kijiji kile wanakunywa maji haya.»

Nne, akatoa hewa. Chujio likifunguliwa, hewa inaingia katika mrija. Pompi ya mazutu haiwezi kusukuma hewa vizuri, kwa sababu hewa inabanwa na kurudi kama mpira. Basi fundi akalegeza parafujo ndogo iliyo juu ya chujio, akasukuma kwa kidole pompi ndogo ya mkono. Kwanza likatoka povu. Baadaye mazutu yaliyochanganyika na povu. Mwishoni yakatoka mazutu matupu, bila povu hata moja. Hapo, akiendelea kusukuma, akakaza parafujo.

Nahodha akawasha motere. Ikawaka. Ikaenda sawasawa: tu-tu-tu-tu-tu. Watu wakapiga makofi. Vijana wawili wakaenda mbele kuvuta nanga.

6. Motere inazimika tena

«Acheni nanga palepale,» akasema fundi.

Watu wakashangaa. Jua lilikuwa likishuka, mawimbi yalikuwa yakiongezeka, na motere ilikuwa ikilia vizuri. Mtu mmoja akakasirika: «Fundi, unataka tulale juu ya maji?»

Fundi akajibu kwa upole: «Nimeondoa maji katika chujio, ndugu yangu. Sijajua bado yalitoka wapi.»

Dakika kumi hazijapita, motere ikakohoa. Ikatikisika. Ikazimika. Yule aliyekasirika akanyamaza. Kama nanga ingekuwa imevutwa, mashua ingekuwa tayari juu ya mawe.

Hapo kijana akafahamu. «Baba, maji yako ndani ya tanki!»

«Ndiyo, mwanangu. Chujio ni kama kizingiti cha nyumba. Umefagia kizingiti, lakini matope yako ndani.»

Chini kabisa ya tanki kilikuwako kizibo cha kumwagia uchafu. Kijana akaweka bidoni, akakifungua polepole. Yakatoka maji, karibu lita tatu, yenye kutu na utando mweusi. Yalikuwa yamekaa siku nyingi ndani ya pipa lile la pwani, ambalo bila shaka liliachwa wazi wakati wa mvua. Katika ziwa lililotulia maji hayo yalilala chini. Lakini mawimbi yalipotikisa mashua, maji yalipanda na kuingia katika mrija wa motere.

Yalipotoka mazutu masafi tu, kijana akafunga kizibo. Fundi akamwuliza nahodha kama anacho chujio kipya. Kwa bahati kimoja kilikuwamo katika sanduku, ndani ya karatasi yake. Wakaondoa cha zamani, kilichokuwa cheusi kama makaa, wakaweka kipya. Wakatoa hewa mara ya pili, na safari hii kijana ndiye aliyefanya kazi yote, fundi akimtazama.

Motere ikawaka. Fundi akaiacha iende nusu saa nzima kwa ralanti, nanga ikiwa majini. Akatia vitesi, akatoa. Akatia tena, akatoa. Haikuruka pigo hata moja. Ndipo alipotikisa kichwa, na vijana wakavuta nanga.

Mashua haikuendelea na safari usiku ule. Iliingia polepole katika ghuba ya kijiji, na wasafiri wakalala pwani. Kabla ya kushuka, nahodha akasimama mbele yao akasema: «Tangu asubuhi nilisikia, na sikusimama. Mnisamehe.»

Mama mwenye mtoto akamjibu: «Tumekusamehe, Baba. Lakini kesho ikikohoa, simama.»

7. Sababu zingine

Si kila mara maji ndiyo mabaya. Motere inayokohoa kwa ralanti yaweza kuwa na ugonjwa mwingine.

Hewa katika mrija. Pahali pa kuungia mrija pakilegea kati ya tanki na pompi, pompi inavuta hewa pamoja na mazutu. Ajabu yake ni hii: mara nyingi mazutu hayavuji pale, kwa sababu pompi inayavuta ndani. Kwa hiyo jicho halioni kitu. Fundi anakaza kila kiungo, anatoa hewa, kisha anatazama kama povu linarudi.

Elisi iliyofungwa. Motere inakwenda vizuri bila vitesi, inazimika vitesi vikitiwa. Hapo lazima kuzima motere kabisa na kuondoa ufunguo wa kuwashia kabla mtu hajaingia majini ao kushika elisi. Watu wamekwisha kukatwa vidole na mikono kwa kusahau jambo hili.

Ralanti iliyoshushwa mno. Ile parafujo ya ralanti inaweza kulegea, ao mtu asiyejua ameigeuza. Inarudishwa mahali pake, lakini baada ya kutazama mengine yote. Anayeanza nayo anafanya kama nahodha: anafunika kikohozi.

Ugonjwa wa ndani. Pengine kinyunyizio cha mazutu kimechakaa, kinadondosha matone badala ya ukungu. Pengine milango midogo ya silinda haifungi vizuri, ao pete za pistoni zimekwisha, na hewa haikandamizwi vya kutosha. Motere ya namna hiyo mara nyingi ni ngumu kuwasha asubuhi, nayo hutoa moshi. Kazi hii ni ya fundi katika karakana. Mkono usiwekwe kamwe mbele ya kinyunyizio kinachofanya kazi: mazutu yanatoka kwa nguvu kubwa hata yanatoboa ngozi na kuingia mwilini, na mtu aliyepatwa hivyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.

Motere za esanse zina sheria zingine kidogo. Ndani yake esanse na hewa zinawashwa na cheche ya buji. Buji ikiwa chafu, ao karburateri ikiziba, motere inakohoa vilevile. Lakini hatari yake ni kubwa zaidi. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini katika tumbo la mashua. Cheche moja yaweza kuulipusha. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, sakafu inafunguliwa, hewa inapita, na mtu ananusa. Akisikia harufu ya esanse, hawashi. Wala hakuna kuvuta sigara wakati wa kutia esanse ao mazutu.

8. Kazi ya kila siku

Nahodha mwenye busara hangoji motere izimike. Kila asubuhi, kabla ya kupakia watu, anatazama kikombe cha chujio na kumwaga maji yaliyomo. Anatia mazutu kwa kuyachuja, tena hanyonyi ya chini kabisa ya pipa. Jioni anajaza tanki, kwa sababu katika tanki lenye nafasi tupu umande unaota usiku na kuwa maji. Anatazama kama maji ya kupoza motere yanatoka vizuri ubavuni mwa mashua. Kisha anaiacha motere iende kwa ralanti dakika chache, naye anasikiliza tu. Ikikohoa, hatoki pwani.

Ndani ya mashua anaweka chujio kimoja kipya, funguo zinazofaa, nanga yenye kamba ndefu, makasia, na makoti ya kuelea ya kutosha watu wote, hata watoto. Wala hapakii watu na mizigo kupita kipimo.

Mungu amempa mwanadamu masikio ya kusikia na akili ya kutafuta sababu. Anayechukua roho za watu juu ya maji atatumia vyote viwili. Wazee husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Juu ya ziwa, mara nyingine hakuna wakati wa kujenga ukuta.

Maneno

Ralanti: mwendo wa chini wa motere isiyosukuma kitu.
Elisi: mabawa ya chuma yanayosukuma mashua chini ya maji.
Kutia vitesi: kuunga motere na elisi ili mashua iende.
Chujio: chombo kinachozuia uchafu na kupitisha kilicho safi.
Karakana: nyumba ya kazi ya mafundi.

Maulizo

1. Nahodha alifanya nini motere ilipokohoa? Kwa nini hakufanya vema?
2. Taja kazi nne za pistoni.
3. Motere ya mazutu inadai vitu gani vitatu?
4. Kwa nini motere inazimika upesi inapokwenda polepole? Eleza kwa mfano wa baisikeli.
5. Fundi aliuliza maulizo gani kabla ya kushika motere? Kila ulizo lilimfundisha nini?
6. Kwa nini maji yanakaa chini ya mazutu?
7. Mara ya kwanza motere ilipowaka, kwa nini fundi alikataza kuvuta nanga?
8. Hesabu: Ralanti ya motere moja ni mizunguko 800 kwa dakika. Kila silinda inawaka mara ngapi katika dakika moja? Motere ikiwa na silinda tatu, zote pamoja zinawaka mara ngapi?
9. Jaribu nyumbani: Tia maji na mafuta ya mawese ya maji-maji katika chupa moja, tikisa, kisha acha itulie. Andika uliyoyaona.